Nusu Ukurasa Ambayo Sikumsomea Daktari

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchapa lilikuwa kwamba sikumsomea Daktari maombi yake kwa sauti kabla hajatia sahihi. Nalitaja hapa mwanzoni kwa sababu nimeshajaribu kuandika habari zake mara nyingi, na kila mara nililificha kosa hilo katikati, mahali ambapo msomaji angepita haraka, kisha nikachana karatasi. Mimi ni mtu wa kuchana karatasi. Koma ikikaa vibaya nachapa upya ukurasa mzima. Muhuri ukienda upande tumbo linanikaza mpaka jioni. Lakini kwenye maombi yaliyokuwa muhimu kuliko yote yaliyowahi kupita mikononi mwangu, niliruka hatua ambayo hata mteja wa siku moja aliijua.

Duka letu lilikuwa Glenwood, mtaa wa Durban, chini ya jengo ambalo wanafunzi walipanga vyumba. Mbele vibanda vitatu vya simu, nyuma kompyuta mbili na printa iliyolia kama cherehani mbovu. Mwenye duka alikuwa mama wa Kikongo tuliyemwita Maman, na Maman alikuwa na sheria moja. Wateja wetu wengi walikuwa wakimbizi, Wakongo na Warundi, na walichotaka ni maelezo ya kuombea hifadhi, yaandikwe kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawakuisoma. Kwa hiyo kila karatasi ilisomwa kwa sauti kabla ya sahihi, mstari baada ya mstari, mchapaji akiigeuza kwa Kiswahili na mwenye habari akisikiliza. Akisema "haiko vile", tunarudi kwenye kompyuta. Maman aliweka sheria hiyo baada ya mtu mmoja kuulizwa ofisini habari za kaka yake aliyeuawa, na mtu yule hakuwahi kuwa na kaka. Mchapaji aliyenitangulia ndiye aliyemwongezea huyo kaka, kwa huruma, ili habari iume zaidi.

"Unasoma, anasikia, njo anaandika jina," Maman aliniambia siku ya kwanza. "Mbele ya hapo, kalamu ni ya kwangu." Mbele, kwa Kiswahili chake cha Kongo, ni kabla.

Daktari sikumsomea. Niliona aibu. Yeye alikuwa amesoma vitabu vya utabibu kwa lugha tatu. Mimi Kiingereza changu nilikitoa kwenye kamusi iliyokosa kurasa za mwisho, na kuchapa nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha maktaba, vidole vikiwa juu ya meza tupu kwa sababu sikuwa na mashine. Kumsomea mtu kama yule niliona ni sawa na kumtafunia chakula mtu mwenye meno yake yote.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mwenyewe alisema ofisi za serikali zimeshamuuliza maswali hayo ya kutosha. Nitaeleza niliyoyaona.

Nilijua mikono yake kabla ya uso. Dada yangu alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike mwenye miguu myembamba kama vidole vyangu, akalazwa naye katika wodi ya watoto njiti kwenye hospitali ya serikali ambayo sitaitaja. Dada hakujua Kiingereza wala Kizulu, na mimi nikawa mkalimani wake. Siku ya pili nilimwona mwanamume mrefu amesimama mlangoni mwa wodi, amefumbata mikono makwapani kama mtu anayesikia baridi, na huku nje jua la Durban lilikuwa likiyeyusha lami. Nilidhani ana homa. Sista, muuguzi mkuu wa wodi ile, alicheka kimyakimya akaniambia kwamba yule ni Daktari, na kwamba anapasha mikono joto. Hakuwahi kumgusa njiti kwa mkono wa baridi. Wakubwa wa hospitali wangeweza kumsubiri katikati ya wodi, na karatasi zao mkononi, naye angebaki mlangoni amejikumbatia mpaka aridhike.

Maneno yake hakuyapasha joto. Dada yangu alipolia, Daktari alimwangalia akamwambia, "Ukilia, maziwa itapungua. Utalia kesho." Kesho yake dada alijizuia kwa hasira tu, ili asimpe nafasi ya kusema tena. Mwanamke mwingine aliyechelewa kumleta mtoto alimuuliza mbele ya wote kama alikuwa anangoja mwaliko. Wauguzi wadogo walimkimbia. Alikuwa na kauli yake, "Usinielezee, nionyeshe," na aliitumia kwa kila mtu, kuanzia mwanafunzi wa udaktari hadi fundi wa bomba. Hata mimi aliniambia hivyo nilipojaribu kumweleza, kwa sentensi niliyoipanga usiku kucha kichwani, jinsi dada alivyokuwa akikosa usingizi.

Lakini huyo huyo hakuwahi kuketi akiwa wodini. Alikula chakula chake cha mchana akiwa amesimama dirishani, ule mkate uliochimbwa katikati na kujazwa mchuzi ambao kila mtu Durban huula kwa vidole, yeye akiula kwa kijiko ili mikono isinuke. Na alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijani. Kila mtoto aliyekufa aliandikwa humo, na chini ya jina aliandika kwa Kifaransa mambo ambayo yeye mwenyewe angeyafanya tofauti. Alikuwa akiandika yake tu, kamwe si ya wauguzi wala ya mama. Daftari lilikaa wazi juu ya meza na yeyote aliruhusiwa kulisoma. Mimi nililisoma kidogo, nikafunga. Mtu kama mimi, ninayekosa usingizi kwa ajili ya koma, sikuelewa mtu anawezaje kuyaacha makosa yake mezani kama gazeti.

Sista alikuwa mwanamke wa Kizulu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini isiyohitaji kupandishwa. Alimwita Daktari Baba, naye alimwita Mama Sista, na waliwahi kuchekeana kwamba maneno hayo mawili hayakuhitaji mkalimani. Ni yeye aliyeanza jambo ambalo habari hii yote inalizunguka.

Mashine za joto wodini zilikuwa chache, na mara nyingine watoto wawili walilazwa katika mashine moja. Sista alichukua shuka za flana zilizotupwa, akashona mifuko mirefu isiyo na chini, na akaanza kuwavalisha mama: mtoto anawekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, na mfuko unamshika hapo usiku na mchana, huku mama akitembea, akila na kulala naye. Dada yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alipomwona mtoto wake amelala juu ya kifua chake, amekunja ngumi, aliniambia kwamba ndiyo kwanza sasa amejifungua.

Daktari alipoona alikasirika. Nilikuwepo. Alisema hii ni hospitali, haiko soko, na kwamba mtoto mdogo namna ile akipata baridi atakufa na yeye ndiye atakayemwandika kwenye daftari. Aliamuru watoto warudi kwenye mashine. Sista alisema, "Ndiyo, Baba," akasubiri atoke, akawafunga tena.

Siku iliyofuata Daktari aliwakuta vilevile. Hakugomba. Alipasha mikono, akatoa kipimajoto chake mwenyewe, akampima mpwa wangu, akaandika. Akaenda kwa wengine, akarudi, akampima tena. Alifanya hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri, bila kusema lolote, na sisi sote tulikuwa tukimwangalia usoni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mwishowe alivua koti lake jeupe, akalitundika, akamwambia Sista mbele ya mama wote, "Nionyeshe vile unafunga." Akajifunza kufunga kile kitambaa, na akakifunga vibaya. Sista alimfungulisha mara tatu. Mara ya tatu mama mmoja alicheka, na Daktari naye akacheka, na ni mara pekee nilipoona meno yake ya nyuma.

Baada ya hapo alilitetea jambo lile kama lake. Wakubwa waliposema wodi inaonekana kama kambi, aliwaonyesha karatasi zake za vipimo na hakurudi nyuma. Kuwatetea wengine alijua. Kujitetea yeye ilikuwa shida. Kiingereza chake kilikuwa kizito, na kwenye mikutano kulikuwa na mkubwa mmoja, kijana kuliko yeye, aliyependa kumwomba arudie sentensi. Alirudia. Mara ya pili sentensi ilitoka fupi zaidi, na ya tatu alinyamaza. Aliniambia siku moja kwamba amesahau jinsi ya kuwa na akili kwa lugha ile.

Na kulikuwa na mkataba. Daktari wa kigeni katika hospitali ile aliajiriwa kwa mwaka, na kila mwaka mtu fulani ofisini aliamua kama anahitajika bado. Mwezi wa mkataba ulipokaribia Daktari alibadilika. Aliacha kutania, alikunja mabega, alisalimia watu wa ofisi kwa kuinama. Kanisani, katika ukumbi tuliokodi Jumapili, aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, na akatoka kabla ya sala ya mwisho ili asiulizwe.

Kanisa linanikumbusha jambo ambalo lazima niliseme, maana bila hilo mtamwona vibaya mapema mno. Ndugu mmoja wa kwaya alikosa kazi siku moja akataka cheti cha ugonjwa chenye tarehe ya jana. Alimfuata Daktari uani baada ya ibada, na mchungaji akamsindikiza ili kuongeza uzito. Daktari aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jana sikukuona." Mchungaji akaeleza kwamba ndugu ana watoto. "Najua watoto wake. Jana sikukuona." Yule ndugu alifukuzwa kazi. Watu waliacha kumsalimia Daktari kwa muda mrefu, nami nilimpenda zaidi, kwa sababu niliamini nimempata mtu mmoja mjini humu ambaye hata herufi moja hawezi kuipindisha.

Tuzo ilikuja katika mwaka ambao mkataba ulionekana hautarudi. Ilikuwa tuzo ya taifa kwa madaktari wakongwe ambao kazi yao kwa wagonjwa imeleta mabadiliko ya kuonekana. Muuguzi mmoja wa ofisini alimnong'oneza Daktari kwamba hakuna mkubwa atakayethubutu kumwacha mtu aliyevikwa tuzo hiyo. Akaja dukani amevaa tai, kitu ambacho sikuwahi kukiona shingoni mwake, akaweka fomu juu ya meza yangu.

"Petit," akasema, yaani mdogo kwa Kifaransa, ndivyo alivyoniita, "iko kazi. Nikikosa hii, wodi imekwisha kwangu."

Sikulala vizuri kwa majuma mawili, na sitadanganya, ilikuwa raha. Nilijua ni mkataba wake unaopimwa, lakini moyoni niliona kama ni mtihani wangu, mimi niliyejifundisha mwenyewe, ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kunitia alama. Fomu ilikuwa ya visanduku. Alifanya nini, kilibadilika nini, ushahidi uko wapi, na nani anathibitisha. Juu ya kisanduku kikubwa palikuwa na onyo kwamba mwombaji aeleze mchango wake binafsi, siyo kazi ya kikundi, na kwamba maneno yatakayozidi kisanduku hayatasomwa.

Daktari alikuwa ameandika kwa mkono, nusu Kiingereza na nusu Kifaransa. Mengi yalikuwa ya kawaida. Kwenye kisanduku kikubwa alikuwa ameandika nusu ukurasa juu ya Sista. Alieleza kwamba jambo la kuwafunga watoto kifuani lilianzishwa naye. Kwamba yeye, Daktari, alilikataza, kwa kiburi na kwa hofu. Kwamba alimpima mtoto mmoja siku nzima akitafuta sababu ya kulizuia na hakuipata. Kwamba alichojivunia katika miaka yake yote ya udaktari ni alasiri ile alipovua koti na kujifunza kufunga fundo.

Niliisoma, nikaisoma tena. Nani anaomba tuzo kwa kueleza alivyokosea? Na mkubwa yule kijana angecheka namna gani. Niliyaangalia maneno, nikaangalia kisanduku, nikajiambia kwamba hayaenei. Yangeenea. Nilipima kwa rula. Nikaiacha nje nusu ukurasa yote nikaandika sentensi moja, kwamba Daktari alianzisha katika wodi yake njia ya kuwalea njiti vifuani mwa mama zao na kuisimamia dhidi ya upinzani mkubwa. Sentensi hiyo ilikuwa nzuri. Naikumbuka neno kwa neno, na bado ni nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtoto aliyepimwa siku ile alikuwa wa dada yangu. Nilikuwa nimesimama pale. Hakuna mtu Durban nzima aliyejua ukweli ule kuliko mimi niliyeufuta.

Alipokuja kutia sahihi, Maman hakuwepo. Nilimpa kurasa zikiwa safi, zimenyooka, pamoja na karatasi zake za mwandiko wa mkono, nami nikajifanya napanga disketi. Daktari alizichukua akaenda nazo dirishani, akasimama amenipa mgongo. Nilidhani anaangalia barabara, maana kulikuwa na teksi iliyovuka roboti, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, na watu walikuwa wakizozana nje. Alikaa pale muda mrefu. Kisha akarudi, akaomba kalamu, nikampa. Alitia sahihi polepole, kama kawaida yake, akipuliza wino.

"Umeandika vizuri," alisema. Nilifurahi siku tatu.

Fomu ilitaka shahidi wa kazi yake, na shahidi alikuwa muuguzi mkuu wa wodi. Kwa hiyo faili lilifika kwa Sista. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, katika ofisi yenye watu. Akatia sahihi. Sijawahi kumlaumu kwa hilo wala kumsifu. Alitaka Daktari abaki, kama sisi sote.

Juma lililofuata alikuja dukani kwetu akiwa na sare, alama nyekundu za cheo mabegani. Wateja walinyamaza wakidhani ni mtu wa serikali. Alisimama mbele ya meza yangu akaniuliza mtoto wa dada anaendeleaje. Nikasema ameanza kusimama kwa kushika viti.

"Baba anasema ni wewe uliyefupisha," akasema.

Nikasema ndiyo, ni mimi. Nilitaka kueleza habari ya kisanduku na ya onyo, lakini aliniwahi.

"Alikuwa ameandika nini juu yangu?"

Nikamwambia alikuwa ameandika nusu ukurasa. Nilishindwa kumwambia ilisema nini. Niliona kwamba nikiisema hapo, mbele ya watu wa simu, nitalia, na nilijali zaidi nisilie kuliko yeye asikie. Hilo nalo naliweka hapa.

"Nusu ukurasa," Sista alisema. "Eish. Ungeniachia hata mstari." Akageuka akaenda zake.

Daktari alipata tuzo. Mkataba ulirudi, safari hii wa zaidi ya mwaka mmoja. Kanisani walimwombea na waliomsusa wakampigia makofi, na ndugu wa kwaya aliyefukuzwa alikuwa miongoni mwao. Wodini Sista aliacha kumwita Baba. Alimwita Daktari, kama ilivyoandikwa kwenye beji. Alifanya kazi yake yote vizuri na akazungumza naye kuhusu dawa na uzito wa watoto, basi. Miezi michache baadaye aliomba uhamisho, akapelekwa kwenye kliniki ya Chatsworth.

Mifuko ya flana ilibaki, lakini fundo hakuna aliyelifunga kama yeye. Wauguzi wapya waliona ni kazi ya ziada. Dada yangu alikwenda siku moja kuwaonyesha mpwa wangu, akarudi akasema mama wote wamekaa kwenye viti wakiangalia mashine.

Mimi nilibeba jambo hilo kama jiwe ndani ya kiatu. Niliamini nimemchafua mtu safi, aliyetia sahihi bila kusoma akagundua tu Sista alipomuuliza. Nilikwepa Jumapili ili nisimwone, na nilipomwona njiani nilijificha nyuma ya wauza matunda. Nilifikiri: alinikabidhi jina lake nami nikalitia doa, naye ni muungwana mno hata hanigombezi. Kwa miaka miwili nilimwonea huruma yeye na kujichukia mimi. Nilichapa barua za watu mara nne, mara tano. Niliota visanduku.

Kisha nikasikia ameacha hospitali na amefungua chumba cha matibabu Pinetown, karibu na viwanda. Tumbo langu lilikuwa limeanza kuuma kwelikweli, si kwa wasiwasi tu, nikapata sababu ya kwenda. Nilikuwa nimeandaa kuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandika, bila shaka, na kuusahihisha.

Chumba cha kungojea kilijaa wafanyakazi wenye vumbi la kiwanda kwenye nywele. Ukutani ilikuwa ile tuzo, ndani ya kioo, imetundikwa na mpokeaji wageni kwa sababu, alisema, wagonjwa wanapenda kuiona. Mlango wa Daktari ulikuwa wazi nusu. Kijana mmoja wa kiwandani aliingia na kutoka katika muda wa kunywa glasi ya maji, akiwa na cheti mkononi, akicheka na mwenzake kwamba amepewa tarehe ya jana bila hata kuulizwa anaumwa nini. Niliomba nisiwe nimesikia sawa. Nikaangalia cheti alipokuwa akikikunja. Kilikuwa cha jana.

Daktari alikuwa ameketi. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonishtua kwanza. Alikuwa amenenepa shingo, na mbele yake palikuwa na kitabu cha vyeti. Alinitambua, akasema, "Petit," na kwa kweli alifurahi. Aliniuliza habari za dada, za mtoto, za Maman. Alinibonyeza tumbo akasema nina kidonda kinachotafuta mahali pa kukaa, na kwamba nile kwa wakati.

Ndipo nikaanza msamaha wangu. Nilifika sentensi ya pili. Alinyanyua mkono, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa nusu ukurasa ile, mwandiko wake, wino umeanza kufifia.

"Soma," akasema.

Nikaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama nilivyopaswa kufanya miaka miwili nyuma. Nilipofika kwenye fundo lililofungwa vibaya mara tatu nilirudia mstari, nikaendelea. Yeye alikuwa akiangalia kitabu cha vyeti.

"Haukuwa na kosa kubwa vile unafikiri," akasema nilipomaliza. "Ile ya kwako nilisoma. Pale ku dirisha. Mara mbili."

Nilichelewa kuelewa. Nilimwuliza kama aliona kwamba nusu ukurasa haipo.

"Niliona."

"Mbona hukusema haiko vile?"

"Ilikuwa mwezi ya mkataba, petit." Alinyoosha kalamu juu ya meza ikalala sawa na ukingo. "Na weye ulikuwa umeandika vizuri."

"Ulimwambia Sista ni mimi niliyefupisha."

"Ni weye ulifupisha," akasema. "Sikumwambia uongo."

Niliketi nikimwangalia. Mtu wa "jana sikukuona." Kwa Sista hakuwa amedanganya hata kidogo. Alikuwa ameuchagua ukweli mmoja, ule ulionihusu mimi, akampa Sista huo, na wake akaufungia kwenye meza. Nilimwomba anipe ile karatasi niipeleke Chatsworth. Aliichukua mkononi mwangu bila nguvu, akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha.

"Hii ni yangu," akasema.

Nilipotoka, mwanamke aliingia na mtoto mchanga aliyekuwa akikohoa. Mlango ulikuwa bado wazi. Nikamwona Daktari anainuka, anaingiza mikono makwapani, anasimama hivyo, akisubiri ipate joto. Nimejaribu kulitumia hilo kumsamehe na nimejaribu kulitumia kumchukia zaidi, na limekataa kote kuwili.

Nilikwenda Chatsworth bila karatasi. Nilimkuta Sista kwenye kliniki, mama wengi wakimsubiri kwenye benchi, nikamwambia kwa mdomo nusu ukurasa yote, maana tayari niliijua kwa moyo. Nikamwambia pia habari ya dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alijua tangu siku ile aliposoma faili; mtu yule, alisema, alikuwa akisoma hata maandishi ya nyuma ya kopo la dawa ya meno kabla ya kulifungua, atatiaje sahihi asichokisoma? Alikuja dukani kwetu akitumaini nitamwambia kwamba amemdhania Daktari vibaya. Akanishukuru kwa ile nusu ukurasa, akamwita mama aliyefuata.

Sasa namsomea kila mteja karatasi yake kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho, awe hajui kusoma au awe amesoma kunishinda, na kalamu naishika mwenyewe mpaka aseme kwa mdomo wake kwamba ndivyo ilivyokuwa.